Jozi ya Tatu

"Geuka ukutani," dada aliniambia, "na usigeuke mpaka nikuambie."

Nikageuka. Ukuta wa karakana yake ulikuwa na kalenda ya mwaka uliokwisha pita na misumari iliyobeba nyaya za kila rangi. Gita lilikuwa kifuani pangu. Mguu wangu wa kulia ulikuwa juu ya kopo la bati ambalo zamani lilihifadhi majani ya chai, na ambalo sasa, kwa mikono ya dada, lilikuwa linageuka kuwa pedali ya kukwaruza sauti ya gita. Nyuma yangu nilimsikia akichomoa kitu kidogo na kuchomeka kingine. Hakutaka nione ni kipi. Alisema kwenye mambo ya sauti macho ni shahidi mwongo: mtu akiona kitu kinang'aa, huanza kukisikia kinang'aa.

"Haya, cheza."

Nikacheza. Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa kali, yenye kingo, kama bati linalokatwa. Ilifaa, lakini haikunishika.

"Hiyo ya kwanza," alisema. "Sasa sikia hii."

Ya pili ilikuwa kubwa na yenye vurugu, sauti ya mtu anayegombana sokoni bila kujua ugomvi ulianzia wapi. Nikatikisa kichwa, uso bado ukutani. Nilimsikia dada akivuta droo, akairudisha, kisha akaivuta tena.

"Ya tatu," akasema, kwa sauti ya chini.

Nikazipiga nyuzi zilezile. Sauti ilikijaza chumba taratibu. Ilikuwa na mkwaruzo, lakini mkwaruzo wa koo la mtu aliyelia jana na leo anacheka, si wa chuma. Nikigusa uzi kwa wepesi, sauti ilitakata. Nikiupiga kwa nguvu, iliguna. Nilisahau kwamba tulikuwa tunajaribu vitu. Niliendelea kucheza mpaka dada akanigusa bega.

"Hiyo," nikasema. "Hiyo hiyo, usihangaike tena."

Hakuniamini. Alizichanganya zote tatu, akanipa bila mpangilio, nikachagua ile ile. Akazichanganya upya, nikachagua ile ile. Mimi ni mtoto wa baba yangu. Masikio haya sikuyanunua.

"Chukua ya kwanza," alisema. "Ni ngumu kidogo, lakini utaizoea."

"Nichukue ya kwanza na ya tatu ipo?"

"Ya tatu ni jozi ya kuazima. Moja ni yangu, nimekaa nayo siku nyingi. Pacha wake nimemwazima."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu asiyemtumia sana."

Hapo ndipo ilipokuwa zamu ya swali jingine, na sikuliuliza. Mla kitamu hachungulii jikoni. Nilisema tu, "Basi mwenyewe hata hataona tofauti." Dada akanitazama, kisha akashika chuma chake cha kuchomea na kuzilehemu zile diodi mbili, vijipande vya umeme vidogo kama punje za mchele, mahali pake, moja ikielekea huku na nyingine kule. Moshi mwembamba ukapanda kati yetu. Nilifurahi sana siku ile, na furaha ile ndiyo inayonitia aibu kuliko yote yaliyofuata.

Mtaani walimwita dada Lehemu, kwa sababu nguo zake zilinukia moshi wa lehemu hata siku za harusi. Alitengeneza simu, feni, pasi na redio. Kila kitu kilichopita mikononi mwake kilikuja kikiwa kimeshaharibiwa na mtu mwingine, naye alikirudisha kilivyokuwa, akashukuriwa, akasahauliwa. Pedali ile ilikuwa kitu cha kwanza alichokiunda mwenyewe kutoka mwanzo. Aliitengeneza kwa sababu mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunakaribia kurekodi wimbo wetu wa kwanza, na gita langu lilikuwa na sauti safi mno. Mpiga ngoma wetu, ambaye tulimwita Kijiko kwa kuwa alianza kupiga sufuria za mama yake, alisema gita langu linaongea kama karani anayesoma majina.

"Sauti ya gita ni mawimbi," dada alinieleza siku alipoanza kazi. "Ndani ya pedali tunayakuza mpaka yavimbe, halafu diodi zinayakata vichwa. Huo mkwaruzo unaoutaka ni vichwa vilivyokatwa. Lakini kuna kukata na kukata. Kuna kinyozi wa wembe, kuna kinyozi wa mkasi."

Kwa hiyo alikuwa ameacha matundu madogo kwenye kibao cha pedali, ili ajaribu kinyozi mmoja baada ya mwingine. Jozi ya kwanza ilikuwa ya silikoni, diodi za kawaida ambazo hujaa kwenye kila kifaa cha siku hizi. Ya pili ilikuwa vitaa viwili vyekundu vya aina inayowaka kwenye chaja. Ya tatu ilikuwa ya gerimani, ya kizamani, vichupa viwili vya kioo ambavyo ndani yake unaona waya mwembamba umesimama. "Hizi ni laini," alisema aliponiruhusu kugeuka. "Silikoni mpaka uipige teke ndiyo ifungue mlango. Gerimani ukiigonga kwa kidole tu, inafungua." Nilisikia maneno hayo nikiliwazia gita langu. Sikufikiri kwamba kuna mlango mwingine wowote duniani unaohitaji kugongwa kwa kidole.

Baba yetu alikuwa fundi wa piano. Alitembea na begi la ngozi lenye ufunguo wa kukazia nyuzi, vipande vya kitambaa kinene na uma wa chuma wenye meno mawili. Uma ule unaugonga gotini, unausogeza sikioni, nao unakupa sauti moja isiyobadilika kwa joto wala kwa baridi. Kutoka kwenye sauti ile moja baba alizipanga nyingine zote, kwa masikio tu, akiwa amefumba macho na mdomo ukimcheza. Alikuwa na piano za shule na za majumbani, lakini iliyomkaa moyoni ilikuwa piano kubwa ya ukumbi wa muziki. Aliilinganisha kabla ya kila tamasha. Mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba ana mke mwenza mwenye miguu mitatu, na kwamba hana wivu naye kwa kuwa hali chakula.

Uzee ulipoanza kumnyemelea, na dada akiwa ameshahamia chumba cha nyuma ya karakana yake, baba alijiwekea desturi. Alfajiri, kabla hajanawa uso, aliwasha redio yake ya zamani na kusogeza mshale polepole mpaka karibu na mwisho wa namba, mahali ambapo watu wengine wanadhani hakuna kitu. Huko kulikuwa na kituo cha mbali sana, kinachotangaza kwa lugha ambayo hakuna nyumbani kwetu aliyeijua. Kabla ya taarifa yao ya habari walipiga noti chache za piano. Zilifika zikiwa hafifu, zimechoka na safari, zikipotea na kurudi. Baba aliinamisha kichwa, akagonga uma gotini, akalinganisha.

"Wako sawa leo," angesema. Au, "Imeshuka. Hawana fundi hawa, maskini."

Mimi nililala sebuleni nyuma ya pazia, kwa hiyo noti zile nilizipata kila siku, nitake nisitake. Siku moja nilijigamba kwamba hata mimi nazisikia, na zaidi yake. "Sikio halipiti kichwa, bwana mdogo," alinijibu. Kisha akasema, bila utani, "Hiki ndicho kipimo changu. Siku nitakayoikosa hii piano, nitajua masikio yamekwisha, na begi nitaliweka chini siku hiyohiyo. Fundi wa piano asiye na masikio ni mwizi mwenye begi."

Hayo aliniambia mimi. Dada hakuwepo.

Siku chache baada ya pedali kukamilika, nilimsikia baba alfajiri akizungusha kitufe cha redio kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alijisemea kwamba ni hali ya hewa. Kesho yake alibadilisha betri. Kesho yake tena alisogeza redio dirishani, akairudisha mezani, akaipeleka jikoni, na nyayo zake zilikuwa za mtu anayetafuta kitu alichokuwa nacho mkononi sasa hivi. Halafu pazia likasogea.

"Wewe. Umeamka?"

"Mm."

"Hebu sikiliza. Unaisikia ile piano?"

Tulikuwa tumefanya mazoezi mpaka vidole vinaniwaka. Nilichotaka duniani ni aondoke. Sikunyanyua hata kichwa kutoka kwenye mto.

"Naisikia, baba."

"Unaisikia vizuri?"

"Vizuri kabisa."

Alisimama pale kidogo, kisha pazia likarudi mahali pake na redio ikazimwa. Nikalala usingizi mtamu. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilisikia hata mvumo wa redio, na jibu ni kwamba sikuwa nasikiliza. Nilijibu tu, kama mtu anavyojibu "salama" kabla hajaulizwa habari.

Baba akabadilika. Alianza kuweka kiganja nyuma ya sikio mtu akizungumza naye. Alimwomba mama arudie mambo ambayo yalikuwa wazi kabisa. Mezani alikaa kimya, na alipoulizwa kuna nini alisema hakuna, ila anayatazama tu mambo yanavyokwenda. Mimi nilikuwa nimejaa wimbo kichwani. Nilimwona na sikumwona.

Ni mama aliyeniambia, siku mbili kabla ya kurekodi, akiwa anakunja nguo zilizokauka.

"Baba yenu amerudisha funguo za ukumbi."

"Funguo? Kwa nini?"

"Anasema masikio yamekwisha. Amemwambia meneja atafute mtu mwingine." Alikung'uta shati kwa hasira, kana kwamba shati ndilo lililosema. "Nikamwambia, baba watoto, juzi umenisikia nikikusengenya na jirani, na sisi tuko uani na wewe uko chumbani. Leo hii umekuwa kiziwi? Ananiambia eti sauti kubwa anazisikia, ndogo ndizo zimemtoka. Anasema hata wewe umemthibitishia."

"Mimi?"

"Si ile piano ya redioni. Anasema wewe unaisikia vizuri kabisa, yeye hasikii kitu."

Nilikwenda mezani nikaiwasha redio. Kituo cha mjini kiliimba kwa nguvu, safi, bila kasoro. Nikasogeza mshale mpaka mwisho wa namba. Hakukuwa na piano, wala hakukuwa na mvumo, wala ile milio ya mbali ambayo siku zote ilikuwa ikihangaika huko kama watu nyuma ya ukuta. Kulikuwa na kimya. Masikio ya baba hayakuwa na neno. Redio ndiyo iliyokuwa imezibwa masikio, na nilipoigeuza nikaona skrubu za mgongoni zimekwaruzwa, chuma cheupe kinaonekana.

Nilikwenda karakana kwa miguu, nikiwa nimeshajua. Dada alikuwa amepakata feni la mtu. Nilipomaliza kumweleza, alilishusha sakafuni polepole.

"Nilikwenda nyumbani mama akiwa sokoni," alisema. "Nikaitoa gerimani ya redioni, nikaweka silikoni badala yake. Nikajaribu kituo cha mjini kikaimba vizuri, nikafunga. Nilijua vituo dhaifu havitapita. Nikasema, baba na vituo dhaifu wapi na wapi? Yeye ni wa taarifa ya habari." Alijishika mdomo. "Sikujua kuhusu hiyo piano. Naapa sikujua."

"Na mimi sikujua kuhusu diodi."

Tulitazamana. Yeye alikuwa na nusu moja ya jambo na mimi nusu nyingine, na kati ya nusu hizo mbili baba alikuwa amekaa nyumbani na kiganja nyuma ya sikio. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Sisi tulichuma wawili, tukampa yeye ale peke yake.

Dada akasimama, akachukua bisibisi. "Lete pedali. Naitoa sasa hivi, twende nyumbani tukamwambie."

Nikasema, "Tukisharekodi."

Nitayarudia maneno yale kwa ukamilifu wake, maana kuyapunguza ni kujipendelea. Nilisema, "Tukisharekodi, dada. Siku mbili tu. Ukumbi ameshaurudisha, siku mbili zitabadilisha nini?" Nilisema pia kwamba studio haitatungoja, kwamba Kijiko na mwenzetu wa besi wataniona mpuuzi, kwamba jozi ya kwanza inaharibu wimbo. Sikusema lililo kweli zaidi. Kumwambia baba hakukuhitaji diodi. Kulihitaji mdomo tu. Ningeweza kumwambia jioni ileile kwamba redio ndiyo mbovu, na pedali ikabaki ilivyo. Lakini angeuliza, "Sasa mbona wewe uliisikia?" Na nikishamjibu hilo, angeitaka diodi yake, na nisingekuwa na uso wa kumnyima. Niliogopa swali na nikaitamani sauti, na vyote viwili nikavipa jina la studio.

Dada aliiweka bisibisi mezani mbele yangu. "Hii hapa. Ukitaka kufungua, fungua. Hutaki, usifungue. Lakini yangu inanitosha, usinibebeshe na yako."

Bisibisi ilibaki katikati yetu. Naye angeweza kuishika, na hakuishika. Nadhani aliitazama ile pedali, kitu cha kwanza alichokiunda, akakitakia siku yake moja. Simlaumu. Nikaifunga kwenye begi nikaondoka.

Asubuhi ya kurekodi, baba alinikuta mlangoni na gita. Siku zote, kabla sijatoka kwenda kupiga popote, alilichukua gita langu akalinganisha nyuzi, huku akilalamika kwamba gita ni piano iliyokosa malezi. Siku ile nilimnyooshea kama kawaida, na hakulipokea.

"Nilinganishie, baba. Kama siku zote."

"Nitakuharibia. Masikio yangu sasa kazi yake ni kushika miwani tu." Alicheka, nami nikajilazimisha kucheka. Kisha akatoa uma mfukoni. "Chukua. Mwalimu wangu alinipa mimi alipostaafu. Ugonge gotini, usiugonge mezani, utapinda. Utatyuni mwenyewe."

Uma ulikuwa na joto la mkono wake. Maneno yote nilikuwa nayo kinywani: baba, ni redio, baba, nilikudanganya nikiwa nimelala, baba, ingia ndani uvae, twende kwa meneja sasa hivi. Nikasema, "Asante, baba."

Studioni kila kitu kilikwenda vizuri. Nililinganisha nyuzi kwa haraka, nikajiambia zimekaa sawa. Fundi mitambo aliposikia sauti ya gita alivua visikizio, akauliza, "Ndani ya hilo kopo umeweka nini?" Kijiko alinipiga mgongoni. Wimbo ulikamilika kabla ya chakula cha mchana.

Jioni ileile mimi na dada tulikwenda nyumbani na begi la vifaa. Redio ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kama kitu cha marehemu. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Mama alisimama mlangoni, mikono ina maji. Nilieleza mimi, maana dada alianza akashindwa. Nilieleza diodi, na piano, na pazia, na zile siku mbili. Siku mbili ndizo zilizonitoka kwa shida kuliko vyote.

Baba hakuweka kiganja sikioni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile alfajiri," akasema, "ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu, baba. Nilitaka kulala."

"Kulala," alirudia, taratibu, kana kwamba ni neno la ile lugha ya kituo cha mbali. Mama alifungua mdomo, naye akamwinulia mkono amwache. Kisha akamgeukia dada, aliyekuwa anachomeka waya wa chuma cha kuchomea. "Ngoja kwanza, usiitoe. Nataka kuisikia."

Nikaunganisha gita na pedali na spika ndogo ya mazoezi. Nikapiga ule mwanzo wa wimbo wetu. Baba alifumba macho na mdomo ukaanza kumcheza, kama kwenye piano. Nilipomaliza, sauti ilikaa chumbani ikifa pole pole, naye aliingoja mpaka mwisho kabisa.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana. Hata mimi ningeiiba." Dada akaanza kulia. "Ila uzi wa tatu uko chini."

"Uko sawa, baba."

"Uko chini. Kidogo tu."

Nikauchukua uma, nikaugonga gotini, nikalinganisha uzi na uzi mpaka nikaufikia wa tatu. Ilinibidi nirudie, na nirudie tena, nikiwa nimezuia pumzi, ndipo nikausikia upungufu wake, mdogo kama unywele. Mtu mwingine yeyote asingeusikia. Mimi mwenyewe, pamoja na majigambo yangu yote, sikuwa nimeusikia.

"Umeligusa gita tangu utoke studio?"

"Hapana."

"Basi ndivyo ulivyorekodi."

"Ndivyo, baba."

Aliitikia kwa kichwa. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na ningeipokea hasira kwa mikono miwili. Nilimnyooshea uma. Akaukunja mkono wangu juu yake. "Kaa nao," alisema. "Unauhitaji kuliko mimi."

Dada aliirudisha diodi mahali pake usiku uleule. Alfajiri nilikuwa macho nyuma ya pazia kabla baba hajaamka. Mshale ulisogea, mvumo ukaja, kisha ile milio, kisha noti zile chache kutoka mbali, zikipotea na kurudi. Baba aliinamisha kichwa. "Wako sawa," akasema, kwa nani sijui.

Siku hiyo alivaa shati lake jeupe akaenda ukumbini. Alirudi mapema. Meneja alikuwa mpole, alisema, akamkaribisha kiti na soda. Lakini kazi ilikuwa imeshakabidhiwa kwa mtu anayekuja na kifaa chenye taa, kinachowaka kijani uzi ukiwa sawa, nyekundu usipokuwa sawa. "Mzee, si wewe mwenyewe uliyesema?" meneja alimwambia. Baba hakumweleza habari za redio. Aliniambia hivyo yeye mwenyewe, akivua viatu: "Ningemwambiaje? Kwamba watoto wangu wamenifungulia redio?" Akaendelea na piano za shule na za majumbani kwa miaka mingi, na nyuzi zake zilikaa palepale alipoziweka. Ile ya miguu mitatu hakuigusa tena.

Wimbo wetu ulipendwa. Watu walipenda gita hasa, na mpaka leo wapo vijana wanaonifuata kuniuliza nilitumia diodi gani. Kwenye pedali dada aliweka jozi ya kwanza, zile silikoni za kawaida, na kwa jozi hiyo nimepiga kila jukwaa tangu siku ile. Hakuna aliyeona tofauti. Kijiko mwenyewe hakuona. Nilikuwa nimemwambia dada neno kama hilo juu ya mwenye diodi, siku ile ya kujaribu, na limenirudia mimi.

Baba sasa ni mzee kweli. Redio ni ileile. Ijumaa hutukuta kwao, mimi na dada, na mara nyingine kituo cha mjini huupiga wimbo ule bila kutuuliza. Mama huongeza sauti, kwa kuwa anajivunia. Baba hufumba macho. Katikati ya wimbo kuna mahali ambapo ngoma na besi vinanyamaza, na gita linabaki peke yake kwenye uzi wa tatu, likiuvuta, kwa pumzi moja tu.

Hapo baba hukohoa. Hukohoa kwa nguvu, kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua, na mama huharakisha kumletea maji, naye huyanywa na kumshukuru. Miaka yote hii hajawahi kuwahi wala kuchelewa.